Kalibu Moja, Kikosi Kizima

Kazi nyingi za mikono humwachia fundi kitu cha kukitazama. Seremala huketi juu ya kiti alichokiunda, na mshonaji hukutana na gauni lake harusini. Fundi wa deraya za kusubu hana starehe hiyo. Dirii aliyoifinyanga kwa majuma, akaipunguza hapa kwa waya na kuiongeza pale kwa kidole, akailainisha hadi mwanga ukateleza juu yake bila kukwama, hubomoka siku kalibu inapofunguliwa. Udongo hukwanguliwa, hukandwa upya na kurudishwa ndooni. Kinachobaki ni uwazi: nafasi tupu yenye sura ya kifua, ya bega, ya uso. Kikosi kizima kitatoka humo.

Nausifu ufundi huu bila kusita: utengenezaji wa deraya za hadithi za kisayansi, zile za plastiki, resini na faibaglasi zinazowavika watu kumi, hamsini au mia sura moja ya askari wa sayari ya kubuni. Wapo wanaouona kuwa mchezo wa watu wazima wenye muda mwingi. Hao hawajasimama karakanani kalibu ikifunguliwa. Mimi naamini kuwa humo mna jambo ambalo sanaa zenye heshima kubwa zaidi hulisahau upesi: uangalifu wa mtu mmoja, ukihifadhiwa vizuri, unaweza kugawiwa watu wengi na usipungue.

Mfano unaojulikana kuliko yote ulitengenezwa Uingereza mwaka 1976. George Lucas alikuwa akiandaa filamu ya Star Wars, iliyotoka Mei 1977, na hadithi yake ilidai jeshi la dola. Mchoraji Ralph McQuarrie alikuwa amekwisha kuwachora askari wake weupe kwa rangi. Mbunifu wa mavazi alikuwa John Mollo, bingwa wa historia ya sare za kijeshi, ambaye baadaye alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Lakini mchoro hauvaliki. Lazima atokee mtu wa kuamua ukingo wa dirii utakunjia wapi, bega litaachana na mkono kwa nafasi gani, na shavu la chapeo litakuwa na unene kiasi gani. Deraya ya mwili ilifinyangwa na mchongaji Brian Muir, ambaye pia ndiye aliyeufinyanga uso na chapeo ya Darth Vader, mhusika mwovu wa filamu hiyo. Chapeo ya askari ilianza kama udongo mikononi mwa Nick Pemberton, kisha ikafika kwa rafiki yake Andrew Ainsworth, fundi wa plastiki wa Twickenham, London.

Ainsworth alitumia njia ya kufyonza hewa. Bamba la plastiki hupashwa moto hadi likalegea, likatandazwa juu ya umbo gumu, na pampu ikavuta hewa yote iliyo chini yake. Kwa sekunde chache plastiki hulikumbatia umbo hilo, ikaingia katika kila mfuo, ikapoa na kukaa hivyo. Chapeo hukamilika kwa kuunganisha vipande vilivyofyatuliwa namna hiyo: uso, kisogo, masikio. Zilitengenezwa chapeo zipatazo 50 kwa ajili ya filamu ile. Watazamaji duniani kote wakaamini kuwa wameliona jeshi lisilohesabika, na wengi wanaamini hivyo hadi leo.

Ukizitazama chapeo zile za kwanza kwa makini, utagundua kuwa upande wa kulia haulingani na wa kushoto. Jicho moja limekaa tofauti kidogo na jingine. Uso wa Darth Vader nao uko hivyo. Sababu yake ni nyepesi: ulifinyangwa na mkono wa binadamu, na mkono wa binadamu hauna kioo ndani yake. Mistari midogo ya mashavuni kwa askari weupe ilichorwa kwa brashi. Leo mashabiki wanaojitengenezea deraya hizo huufuata ulegevu ule ule wa mstari na kupogoka kule kule kwa jicho. Wana kompyuta zinazoweza kuunyoosha uso huo kwa kubonyeza mara moja, na hawafanyi hivyo. Wameelewa kuwa uhai wa uso ule umo katika kutolingana kwake.

Jambo hilo linafundisha na pia linatisha. Anayechonga kinyago kimoja akikosea, kosa linabaki katika kinyago hicho. Anayefinyanga umbo mama, yaani lile litakalozaa kalibu, kila alama ya kucha yake itarudiwa katika kila nakala. Kovu dogo alilolipuuza jioni moja akiwa amechoka litavaliwa na watu mia. Ndiyo maana mafundi wa kazi hii hutumia muda mrefu kuliko tunavyodhani wakiwa hawafanyi chochote kinachoonekana. Huzima taa kubwa, huwasha tochi pembeni, na kuuangalia udongo kwa mwanga unaokuja kwa mshazari, maana mwanga huo huanika kila bonde na kila kilima. Subira hiyo wanaitumia kwa niaba ya watu ambao bado hawajavaa.

Kazi yenyewe huanza na mwili. Fundi humvika mtu wa umbo la wastani bandeji za jasi, zile zile zinazotumika hospitalini kufungia mifupa iliyovunjika. Jasi iliyochomwa imepoteza sehemu kubwa ya maji yake. Ikikutana na maji tena, hujijenga upya kuwa fuwele na kutoa joto, na aliyefungwa hulihisi joto hilo likipanda kifuani. Kwa uso hutumika alginati, unga unaotokana na mwani wa kahawia, ambao huganda kama jeli na kunasa hata vinyweleo vya ngozi. Hapo hupatikana kiwiliwili cha mfano ambacho hakichoki kusimama. Juu yake ndipo udongo huwekwa, na fundi huacha nafasi ya nguo za ndani, ya pumzi, na ya wale wanene kidogo kuliko yule aliyefungwa bandeji. Akilifinyanga umbo likabana kama ngozi, amemtengenezea mtu mmoja tu. Akilifinyanga pana mno, askari wote wataonekana kama watoto waliovaa koti la baba. Kati ya mambo hayo mawili pana kipimo, na kukijua kipimo hicho ni elimu.

Aliyewahi kufyatua matofali anajua nusu ya siri inayofuata. Kalibu ya tofali ina kuta zilizonyooka. Udongo unashindiliwa, fremu inainuliwa, tofali linabaki limesimama. Lakini bega la binadamu limeviringika, na shingo ya chapeo ni nyembamba kuliko paji lake. Kalibu ngumu ya kipande kimoja ingelikwamisha umbo ndani milele. Basi fundi hukaa mbele ya udongo wake na kujiuliza mshono upite wapi. Hujenga ukuta mwembamba wa udongo kutoka sikio hadi sikio, na kuligawa umbo kuwa mbele na nyuma. Juu ya ukuta huo hutoboa vishimo vidogo, ambavyo upande wa pili vitazaa vinundu, ili nusu mbili za kalibu zikikutana zijue mahali pake na zisiteleze hata kwa unywele. Mshono uliofikiriwa vizuri hupita pale ambapo jicho halifiki, au pale ambapo msasa utaufuta kwa urahisi. Mtu akiniuliza akili ya fundi huonekana wapi zaidi, nitamwonyesha njia ya mshono.

Kisha huja silikoni. Tabaka la kwanza hupakwa jembamba kwa brashi laini na kupulizwa kwa hewa ili viputo vipasuke, kwa sababu tabaka hili ndilo litakalobeba sura. Yanayofuata huwa mazito, na katikati yake vipande vya kitambaa hulazwa ili mpira usichanike. Silikoni ina tabia zake, na asiyeziheshimu huadhibiwa. Ile inayoganda kwa platinamu huikataa salfa: ikigusana na udongo wa kuchongea wenye salfa, haigandi, hubaki ute unaonata juu ya kazi ya mwezi mzima. Ile ya bati huvumilia zaidi, lakini hunywea kidogo kadiri miaka inavyopita. Na silikoni haishikamani na karibu kitu chochote, isipokuwa silikoni nyingine. Kwa hiyo kabla ya kumimina nusu ya pili, fundi hupaka vaselini au dawa ya kuachanisha juu ya ukingo wa nusu ya kwanza. Akisahau kiraka kimoja tu, nusu mbili huwa kitu kimoja na udongo umefungiwa ndani.

Mpira ukishakamilika huwa mlegevu, hauwezi kujisimamia. Hujengewa ganda gumu la jasi au faibaglasi kwa nje, nalo pia katika vipande vinavyofungwa kwa bolti. Mpira hunasa sura, ganda hulinda umbo. Kila kimoja kina udhaifu ambao mwenziwe anauziba, na kazi haikamiliki bila vyote viwili. Hapo ndipo udongo unapoaga.

Siku ya kusubu ni siku ya wengi. Nimesimama kando ya watu wakiifanya kazi hii, na sijaona mahali pengine ambapo watu wenye vyeo na vipato tofauti huwa sawa upesi namna hiyo. Mmoja hupima vimiminika viwili vya resini, mmoja huvichanganya, mwingine hushika saa, wawili huishika kalibu. Resini nyingi za aina hii huwapa dakika chache tu kabla hazijaanza kuganda. Kiasi kidogo humiminwa ndani, kisha kalibu hugeuzwa polepole, kichwa chini, ubavu huu, ubavu ule, ili kimiminika kipite kila kona na kuacha ganda jembamba. Kilichokuwa kama chai isiyo na maziwa hupauka ghafla na kuwa cheupe, na joto lake huanza kusikika kupitia mpira. Wanamimina tena, wanageuza tena, hadi unene utoshe. Kwa deraya inayohitaji nguvu zaidi, badala ya kumimina hulazwa mikeka ya nyuzi za kioo iliyoloweshwa resini, ikagongwagongwa kwa brashi mpaka kila kiputo kitoke.

Ufundi huu una hatari zake, na kumsifu fundi bila kuzitaja ni kumdanganya anayetaka kuufuata. Mvuke wa resini za poliyurethani una kemikali zinazoweza kuyafanya mapafu yawe na mzio wa kudumu. Mtu akishafikia hapo, hata kiasi kidogo sana kinaweza kumletea pumu. Vumbi la faibaglasi huwasha ngozi na kuchoma koo. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Inatakiwa yenye vichujio vya kemikali, pamoja na glavu, miwani na mlango uliofunguliwa wazi. Katika kundi lililolelewa vizuri, mtu wa kwanza kumwambia mwenziwe avae barakoa ndiye mwalimu, hata kama ni mdogo kuliko wote.

Nakala ikitoka katika kalibu bado haijawa deraya. Ina mshono unaohitaji kukatwa, matundu madogo ya kuzibwa, kingo zenye makali. Huja msasa mkavu wa punje kubwa, kisha ule laini wa kuloweshwa maji, kisha rangi ya kwanza inayofichua kila kilichofichika, kisha msasa tena. Wengi hukata tamaa hapa, kwa sababu hakuna anayepigiwa makofi kwa kupiga msasa. Na hapa ndipo kalibu inaposalimisha madaraka yake kwa mwili. Mwenye paja fupi hukata sentimita kadhaa juu ya goti. Mwenye kifua kipana huongezewa kipande ubavuni. Mikanda ya lastiki, vifungo vya kubana, sponji ya kuzuia chapeo isiyumbe, feni ndogo ya kuondoa ukungu kwenye miwani: vyote hivi hukaa ndani, ambako hakuna kamera itakayoviona. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, fungua uingie ndani. Deraya isiyo na mikanda mizuri itamfinya mvaaji kila hatua hadi aivue, hata ikiwa nje inang'aa kama lulu.

Basi sura moja na miili mingi hukaa pamoja bila kugombana, na jambo hili ni la kale. Mwaka 1974 wakulima waliokuwa wakichimba kisima karibu na mji wa Xi'an, China, walilifikia jeshi la udongo la mfalme Qin Shi Huang, aliyefariki mwaka 210 kabla ya Kristo. Askari wake wanakadiriwa kufikia 8,000. Mafundi wa wakati ule walitumia kalibu kwa sehemu nyingi za miili, wakaziunganisha, kisha wakaongeza udongo mbichi kwa mkono: masharubu haya, nyusi zile, namna ya kufunga nywele. Bila kalibu jeshi lile lisingekamilika. Bila mkono wa mwisho, lingekuwa ghala la sanamu moja iliyorudiwa. Mafundi wa deraya za sayari za kubuni, wajue wasijue, ni warithi wa watu wale.

Je, hii ni sanaa? Swali hili liliwahi kufika hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza. Ainsworth alikuwa ameanza kuuza nakala za chapeo na deraya za askari weupe, na kampuni ya Lucasfilm ikamshtaki. Tarehe 27 Julai 2011 mahakama iliamua kuwa, kwa sheria ya Uingereza, chapeo ile haikuwa sanamu: ilikuwa kifaa kilichotumika katika kutengeneza filamu, na kazi ya sanaa ilikuwa filamu yenyewe. Mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba madai ya kukiuka hakimiliki ya Marekani yanaweza kusikilizwa Uingereza. Naiheshimu hukumu hiyo kama hukumu ya sheria, iliyopaswa kupima muda wa ulinzi na maana ya maneno yaliyoandikwa na bunge. Lakini thamani ya kazi haiamuliwi mahali pamoja na haki ya kuiuza. Mtungi ni kifaa cha maji, na mlango wa Lamu ni kifaa cha kufungia nyumba. Hakuna aliyeviona akasema havina sanaa kwa kuwa vinatumika. Chapeo ile ilipewa kazi ngumu kuliko kukaa juu ya kibao cha jumba la makumbusho. Ilitakiwa kuwafanya watu wa kawaida, wenye nyuso zao na majina yao, wawe dola. Iliiweza kazi hiyo kwa sababu ilichongwa vizuri.

Kile ambacho deraya hufanya baada ya filamu kwisha kinanigusa zaidi. Mwaka 1997, katika jimbo la South Carolina, Marekani, Albin Johnson na rafiki yake Tom Crews walianzisha kundi la watu wanaovaa deraya za askari weupe, nalo wakaliita 501st Legion. Leo lina wanachama zaidi ya elfu kumi katika nchi nyingi. Wana viwango vikali: kila vazi hukaguliwa kwa picha, kipande kwa kipande, kabla mwenyewe hajakubaliwa. Siku ya kwanza ya mwaka 2007 karibu 200 kati yao waliandamana katika gwaride la maua la Pasadena, California, lililoongozwa na Lucas mwenyewe. Lakini kazi wanayojulikana nayo zaidi ni kutembelea watoto waliolazwa hospitalini na kuchangisha fedha za hisani. Askari wa dola katili, wakiwa wamevaa sura ya ukatili, huinama kando ya kitanda cha mtoto. Mtoto anaijua sura hiyo mara moja, kwa kuwa imefinyangwa sawasawa na ile aliyoiona kwenye filamu. Msasa ule usiopigiwa makofi unalipwa hapo.

Johnson alikuwa amepoteza mguu baada ya ajali ya gari, miaka michache kabla ya kuanzisha kundi lile. Nikilikumbuka hilo, naona fani mbili, ndugu wa tumbo moja, ambazo ni nadra kutajwa pamoja. Soketi ya mguu wa bandia, yaani kile kikombe kinachopokea kigutu, hutengenezwa kwa hatua ambazo fundi wa deraya angezifuata akiwa amefumba macho. Kigutu hufungwa bandeji ya jasi. Bandeji ikivuliwa huwa kalibu. Kalibu hujazwa jasi. Umbo linalopatikana hupunguzwa na kuongezwa kwa mkono. Kisha bamba la plastiki lililopashwa moto hutandazwa juu yake na hewa hufyonzwa chini. Moshi, Tanzania, katika viunga vya hospitali ya KCMC, kiko chuo cha TATCOT kinachowafundisha wataalamu wa viungo bandia wanaotoka nchi nyingi za Afrika. Mwanafunzi wa pale na yule kijana anayetengeneza chapeo ya anga za mbali wakikutana, wataelewana bila mkalimani. Watazungumza juu ya viputo, juu ya joto la bamba, juu ya ukingo unaofinya nyama. Mmoja anatumikia mwili mmoja usio na mfano wake, mwingine anatumikia kikosi. Elimu ya mikono yao ni moja, na anayeudharau mchezo wa mmoja amedharau sehemu ya utaalamu wa mwingine.

Afrika Mashariki ina elimu hii tele. Mafundi wa bodi za matatu wanaijua resini na mkeka wa faibaglasi. Waundaji wa boti za pwani wanajua kumimina, kungoja na kupiga msasa. Mashabiki wa hadithi za kisayansi mijini nao hukata sponji ya EVA, jamaa ya ile inayotengenezewa kandambili, wakaipasha moto na kuikunja kuwa mabega na vifua. Kazi zao hupendeza, ila kila mmoja huanza na karatasi yake tupu. Natamani wakae meza moja na fundi wa bodi, kwani yeye ana kalibu, wao wana ndoto.

Wengine watasema kuwa wakati wa kalibu umepita, kwa kuwa sasa kuna mashine za kuchapa vitu kwa tabaka. Mashine hizo ni msaada mkubwa. Taji la malkia Ramonda katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, lililotokana na kofia ya wanawake wa Kizulu iitwayo isicholo, lilichapwa kwa njia hiyo kutokana na ubunifu wa Julia Körner na Ruth Carter. Taji lilikuwa la malkia mmoja, na mashine ilimfaa. Lakini chapeo moja inaweza kuchukua saa nyingi mno kuchapwa, na ya pili huchukua saa zile zile, na ya thelathini vilevile. Kalibu ikishakamilika hutoa nakala moja baada ya nyingine kwa muda mfupi. Ndiyo maana makundi mengi leo huchapa chapeo moja, huipiga msasa hadi iwe kamili, kisha huifanya umbo mama na kuitengenezea kalibu ya silikoni. Teknolojia mpya imekuja na kuketi mahali pa udongo; mahali pa kalibu bado pana mwenyewe.

Kalibu yenyewe haidumu. Kila resini inayoganda ndani yake huichoma kidogo, huikausha, huipunguzia mnyumbuko. Baada ya nakala kadhaa huanza kuchanika kwenye kona nyembamba, na sura huanza kufifia. Kwa hiyo kundi lenye busara halivai kila kilichosubiwa. Nakala safi ya mwanzo, wakati kalibu ingali mpya, huwekwa kando bila kupakwa rangi wala kukatwa, ili siku kalibu itakapochoka itengenezwe nyingine kutokana na hiyo. Makundi yanayopuuza hatua hii hulazimika kuanza tena na udongo, na mara nyingi aliyeufinyanga hayupo tena.

Ningependa kila karakana ya Mombasa, Dar es Salaam, Kampala au Bujumbura itakayoamua kutengeneza kikosi chake cha nyota iitimize sheria hiyo tangu siku ya kwanza. Mchongaji na achague udongo wake bila haraka, mpimaji aheshimu gramu, kila mtu avae barakoa, na nakala ya kwanza iwekwe rafuni ikiwa na jina la aliyelifinyanga umbo mama limeandikwa kwa ndani. Kundi jirani likija kuomba kalibu, lipewe, na lipewe pamoja na mtu wa kulifundisha. Ufundi wa kugawa umezaliwa kugawiwa, na sifa kubwa anayoweza kupewa fundi wa kalibu ni kikosi cha watu asiowajua, kimesimama sawasawa.